Tundu la mzinga limeelekea wapi? Namna ya kuisoma ngome ya pwani kwa anayetokea Mwanza

Kila likizo inapokaribia, Mwanza huanza kuandaliwa safari za pwani. Shule zinachangisha nauli, kwaya zinakodi basi, vikoba vinakata tiketi za ndege mapema ili vipate bei ya chini. Katika orodha ya mahali pa kutembelea, ngome haikosi: Fort Jesus ya Mombasa, Ngome Kongwe ya Unguja, Gereza la Kilwa Kisiwani. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Utasikia kwamba Fort Jesus ilijengwa na Waingereza, kwamba Ngome Kongwe ni ya Wareno, kwamba Kilwa kuna jela, na kwamba hakuna haja ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kuona boma la mkoloni wakati Wajerumani walijenga ya kwao hapahapa kandokando ya ziwa.

Madai hayo yote yana kosa la aina moja. Majengo tofauti, yaliyojengwa na watu tofauti waliopishana kwa mamia ya miaka, yametiwa kwenye gunia moja lililoandikwa "ukoloni". Gunia hilo likifunguliwa, ziara yenyewe inabadilika: mtu haishii kupiga picha mbele ya ukuta, anaanza kuusoma.

Tuanze na maneno, maana hayo ndiyo yanayotupoteza kwanza.

Boma ni neno letu la siku nyingi. Ni uzio, uwe wa miti, wa miiba, wa mawe au wa minyaa kama ile inayozunguka kaya za Wasukuma ukitoka nje ya jiji kuelekea Magu au Misungwi. Wajerumani walipofika bara na kujenga vituo vyenye ukuta, wenyeji waliviita kwa jina la kitu walichokijua. Baadaye ukuta uliondoka, jina likabaki kwenye ofisi. Ndiyo maana anayefungishwa ndoa kwa mkuu wa wilaya tunasema amefunga ndoa ya bomani, ingawa pale hakuna uzio wa miiba wala askari wa zamu juu ya mnara.

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye simu unaodai kwamba BOMA ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayohusu utawala wa Uingereza. Si kweli. Mpelelezi Stanley, aliyelizunguka ziwa hili kwa mashua mwaka 1875, alilitumia neno boma katika kitabu alichochapisha mwaka 1878, na kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf iliyotoka mwaka 1882 inalo. Waingereza walikuja kuitawala Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Walilikuta neno, wakalitumia.

Ngome ni jengo la vita, lililotengenezwa ili watu wachache walio ndani wawazuie wengi walio nje. Watangazaji wa mpira wanalitumia neno hili kwa usahihi mkubwa kuliko wanavyodhani: wanaposema ngome ya timu fulani imepitika, wanazungumzia mabeki walioshindwa kulindana. Tutarudi kwenye mabeki hao, maana wanaieleza Fort Jesus kuliko picha yoyote.

Gereza lina safari yake ya ajabu. Wataalamu wa lugha wanalihusisha na neno la Kireno linalomaanisha kanisa, igreja. Wareno walijenga kanisa ndani ya ngome zao, wenyeji wakaliita jengo zima kwa jina hilo, na baadaye, ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, neno likashika maana tuliyonayo leo. Kwa hiyo Gereza la Kilwa Kisiwani limeitwa hivyo kwa maana ya kale: ni ngome. Mgeni anayeingia pale akitafuta selo na minyororo anatafuta kitu ambacho jengo hilo halikujengewa.

Sasa wakati. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 299, yaani zaidi ya mara mbili ya umri wa mji wa Mwanza tangu Mjerumani wa kwanza apange ofisi hapa hadi leo. Wareno wa mwaka 1593 hawakuwa na mpango wa kuitawala Afrika Mashariki yote, hawakuchora mipaka ya wilaya, hawakutoza kodi ya kichwa Usukuma. Hata kwamba kuna ziwa kubwa kama hili hawakuwa na uhakika nako. Walichotaka ni bandari, ushuru wa biashara ya Bahari ya Hindi na mahali salama pa meli zao njiani kwenda Goa, huko India. Waomani waliowafukuza mwaka 1698 walikuwa na hesabu zao, Wajerumani wa 1885 na kuendelea zao, Waingereza zao. Kuwaita wote "mkoloni" bila kutofautisha ni sawa na kuuita mtumbwi, jahazi na MV Victoria kwa jina moja la "chombo": si uongo, ila haikusaidii kujua kipi kitakufikisha Ukerewe.

Kwa ufupi basi, ni nani alijenga nini? Fort Jesus ni ya Wareno, ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi wa Wareno huko India. Ngome Kongwe ya Unguja ni ya Waomani. Waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, na hilo kanisa ndilo linalowafanya watu waseme ngome ni ya Wareno. Gereza la Kilwa ni mchanganyiko: Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505 na kuiacha baada ya miaka michache tu, na jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani waliojenga upya karne tatu baadaye. Boma la Bagamoyo, la mwaka 1897, ni la Wajerumani, na hilo kwa kweli ni jengo la ofisi.

Ukiwa na haya mkononi, unaweza kwenda ukutani.

Kitu cha kwanza cha kutazama katika ngome yoyote ni matundu ya mizinga. Nasema matundu kwa makusudi. Mizinga yenyewe huhamishwa. Mingi unayoiona leo uani au mbele ya lango imepangwa kwa ajili ya wageni, na mingine ilikuja karne nyingi baada ya ngome kujengwa. Tundu halihamishwi kirahisi, kwa sababu limejengwa ndani ya ukuta. Simama nyuma yake, tazama linakoelekea, kisha jiulize: ni nani aliyetegemewa kutokea upande huo? Jibu litakuambia mjenzi alimwogopa nani.

Fort Jesus ina matundu yanayotazama mlango wa bahari kuelekea Bandari ya Kale, na ina pembe nzito zilizotokeza zinazotazama nchi kavu. Hofu zilikuwa mbili. Baharini walikuwapo Waturuki: nahodha wao Mir Ali Bey alikuja katika pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580, na Mombasa ilimpokea vizuri, jambo lililowatia Wareno kiwewe kiasi cha kuamua kujenga. Nchi kavu walikuwapo Wamvita, yaani watu wa Mombasa wenyewe, ambao Wareno walikuwa wameshauchoma mji wao zaidi ya mara moja na hawakutegemea kupendwa. Ngome ikageukia pande zote mbili.

Na hofu ile haikuwa ya bure. Tarehe 16 Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyechukuliwa mtoto, akalelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno na kuitwaa. Hakuhitaji mzinga. Aliingia kwa mlango kama mtu anayefahamika. Mwaka uliofuata aliondoka baharini, na Wareno wakarudi kwenye ngome iliyo tupu.

Sasa wale mabeki. Nyumba ya kawaida ina pembe nne. Ukichungulia dirishani, humwoni mtu aliyejibana ukutani chini ya dirisha hilohilo. Huyo yuko mahali salama kuliko aliye mbali: anaweza kuchimba, kuweka baruti, kusimika ngazi. Kumwona kunahitaji jirani ambaye dirisha lake linatazama ukuta wako kwa upande. Wanaoishi kwenye miteremko ya Bugando na Mabatini wanalijua hili bila kusoma uhandisi, kwa sababu mlango wako huuoni wewe uliye ndani, anauona wa nyumba ya pili.

Wajenzi wa Ulaya wa karne ya 16 walilitatua tatizo hilo kwa kuisukuma nje kila pembe ya ngome ili itokeze kama kichwa cha mshale. Kila pembe iliyotokeza inautazama ukuta wa jirani yake kwa upande, na jirani naye anaitazama. Hakuna jiwe la ukuta ambalo halina jicho. Fort Jesus ina pembe nne za namna hiyo, nazo zina majina ya watakatifu: San Felipe, San Alberto, San Matias na San Mateus. Ukizijumlisha na sehemu inayotokeza upande wa bahari, ramani ya ngome inafanana na mtu aliyelala chali, mikono na miguu imetanuka. Wengi hukomea hapo, kwenye sura ya mtu. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba mikono na miguu hiyo inalindana, na ukisimama kwenye pembe moja ukatazama chini kando ya ukuta hadi pembe inayofuata, utaliona jambo lenyewe kwa macho yako katika nusu dakika.

Unene nao una sababu. Kabla ya baruti, ukuta mzuri ulikuwa mrefu, ili ngazi isifike. Mzinga uliufanya urefu kuwa udhaifu, maana ukuta mrefu mwembamba ukipigwa katikati unaanguka wote. Ndiyo maana ngome ya zama za mizinga ina ukuta mnene, ulioinama kidogo kuelekea ndani kadiri unavyopanda. Sehemu ya chini ya Fort Jesus haikujengwa kabisa. Ni mwamba wa matumbawe uliochongwa ulipokuwa, na handaki lisilo na maji likachimbwa upande wa nchi kavu. Hakuna msingi wa kuchimbua.

Lakini kuta hazipigani njaa. Tarehe 13 Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus, na mzingiro ule ulidumu miezi 33. Ndani walikuwamo askari wa Kireno wachache na Waswahili wengi waliokuwa upande wao. Maradhi yaliua kuliko risasi. Katikati ya mwaka 1697, Wareno wa ndani walipokuwa wamekufa karibu wote, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na ndugu zake na Waafrika waliobaki, wengi wao wanawake, hadi msaada ulipofika kwa meli. Habari hii inastahili kusimuliwa kila ziara, maana watoto wetu hurudi nyumbani wakidhani ngome ile ni hadithi ya Wazungu na Waarabu peke yao. Mwaka huohuo meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome; wapiga mbizi waliichunguza kuanzia mwaka 1977, na baadhi ya vitu vyake vimo katika chumba cha makumbusho. Desemba 1698, Waomani walipopanda ukutani hatimaye, walinzi waliobaki walihesabika kwa vidole.

Baada ya hapo ngome iliendelea kubadilisha mikono. Wareno waliirudia kwa muda mfupi 1728 hadi 1729, ukoo wa Mazrui ukaishika kwa karibu miaka mia moja, Sultani Seyyid Said akaitwaa 1837, na Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hao Waingereza ndio chanzo cha lile dai la kwanza: wazee wengi waliikuta ngome ikiwa jela ya Mwingereza, wakasimulia walichokijua. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na mwaka 2011 ngome ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kwa anayetoka Mwanza, jiwe lenyewe litakuwa geni. Huku tumezoea mawe ya itale, yale yanayopangana juu ya vilima na kusimama majini kama Jiwe la Bismarck. Magumu, mazito, hayanywi maji. Jiwe la pwani ni la matumbawe. Likichimbwa bichi linakatika kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu, na mwili wake umejaa vitundu. Vitundu hivyo viliwasaidia walinzi, kwa kuwa risasi ya mzinga mara nyingi hudidimia humo badala ya kuupasua ukuta. Lakini vitundu vilevile hunywa maji ya chumvi.

Hapa ndipo ukarabati wa majengo haya unapoharibikia, na ni vizuri mgeni ajue anachokiona. Matumbawe yaliunganishwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo tanuruni, kuizima kwa maji na kuiacha ilowe kwa muda mrefu. Kwa lipu, kwa kawaida huchanganywa sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga. Chokaa inapumua: unyevu ulioingia ukutani unatoka tena kwa njia ya uso wake. Saruji haipumui. Fundi akipiga lipu ya saruji juu ya matumbawe, jengo linapendeza miaka michache, huku nyuma ya lipu chumvi inaganda kuwa chembe, chembe zinavimba, jiwe linageuka unga. Kisha lipu inabanduka ikiwa na ngozi ya jiwe. Ukiona kiraka cha kijivu kilichotoa ufa pembeni, katikati ya ukuta wa rangi ya maziwa, ndicho hicho. Usiguse, usichokonoe. Na usiandike jina lako. Kwenye itale la kilimani msumari unaparaza tu, kwenye matumbawe unafukua.

Turudi ziwani. Bukoba ilianzishwa kama kituo cha Wajerumani na Emin Pasha mwaka 1890, Mwanza ikafuata 1892, na upande wa Serengeti wakaweka ngome Ikoma. Maboma haya hayana zile pembe za mshale. Hawakuwa wanategemea kupigwa kwa mizinga. Aliyetegemewa alikuwa mtu wa mkuki au gobole, kwa hiyo ukuta wa kawaida, mnara wa kuona mbali na bunduki ya rashasha vilitosha. Na jicho la boma lilielekea kwa wakazi: njia, soko, vijiji vinavyodaiwa kodi. Boma lilipokutana na jeshi lenye mizinga, halikudumu. Waingereza waliishambulia Bukoba kuanzia tarehe 21 Juni 1915, na katika muda wa siku mbili tatu ngome na mtambo wa simu ya upepo vilikuwa vimebomolewa. Mwanza waliingia Julai 1916, Wajerumani wakiwa tayari wanarudi nyuma kuelekea kusini.

Tusidhani pia kwamba ngome ni kitu kilicholetwa na wageni. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome yake Tabora; Wajerumani walishindwa kuiingia mara kadhaa, na walipoivunja Januari 1893 alilipua baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Mkwawa alizungushia Kalenga ukuta wa mawe, ambao Wajerumani waliupiga mizinga Oktoba 1894. Hata neno ikulu, tunalolitamka kila siku katika habari, ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma la makazi ya mtemi. Ngome hizi hazikupata mwashi wa kuzikarabati wala chumba cha makumbusho chenye kiyoyozi, na hiyo ndiyo sababu kubwa tunasafiri kwenda kuona za wengine.

Uvumi unaoumiza zaidi majengo ya Wajerumani ni ule wa hazina. Karibu kila mahali palipo na boma la zamani, kuna mtu anayejua mtu mwenye ramani ya dhahabu iliyofukiwa. Chembe ya ukweli ipo: mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Lakini zilitengenezwa kwa sababu hawakuwa na fedha za kutosha kuendeshea vita, na jeshi lisilo na fedha halizifukii, linazitumia. Alama za mishale na misalaba kwenye mawe, ambazo watu huzifasiri kuwa ramani, mara nyingi ni za upimaji ardhi. Matokeo ya uchimbaji huu ni mashimo chini ya msingi, kisha ufa, kisha ukuta kulala mvua ikinyesha. Kuchimba eneo la kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Kuhusu watumwa, inafaa kusema kwa uangalifu, kwa kuwa ni jambo lenye maumivu na watu wa bara ndio waliochukuliwa. Fort Jesus haikujengwa kuwa ghala la watumwa. Picha hiyo inatoka Ghana, kwenye ngome kama Elmina, ambayo Wareno waliijenga 1482 kwa ajili ya dhahabu na baadaye ikatumika kufungia watu kabla ya kupakiwa melini. Kwetu, anayetaka kusimama mahali ilipopita biashara ile kwa wazi aende Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko lililofungwa 1873 na ambapo sasa kuna kanisa kuu la Anglikana. Kumwonyesha mwanafunzi chumba cha baruti na kumwambia ni cha watumwa hakuwaheshimu waliouzwa. Kunaficha mahali walipouzwa kweli.

Na jina Yesu? Wareno waliiita Ngome ya Yesu wa Mombasa kwa kuwa walisafiri chini ya bendera yenye msalaba wa Shirika la Kristo. Kanisa lilikuwamo ndani, magofu yake utayaona, lakini ngome yenyewe haikuwa kanisa. Wenyeji wa Mombasa wanasema tu Ngomeni, na ukimwambia dereva wa tuktuk neno hilo atakufikisha.

Sasa safari. Kutoka Mwanza kwenda Mombasa kwa barabara kuna njia mbili: kupitia Musoma, Sirari, Kisii hadi Nairobi kisha treni au basi, au kupitia Dar es Salaam na Tanga hadi mpaka wa Horohoro. Yote inavuka mpaka, kwa hiyo kila mtu, mtoto naye, awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kinachokwamisha safari nyingi za shule ni hati za watoto wawili watatu zilizoachwa hadi wiki ya mwisho. Viingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, wa Afrika Mashariki na wageni wengine. Bila kitambulisho utatozwa cha juu. Malipo mengi sasa ni ya mtandao, hivyo mwenye kundi aulize mapema jinsi ya kulipia wote kwa pamoja badala ya watoto 40 kupanga foleni juani.

Fika Fort Jesus asubuhi, saa mbili na nusu hivi. Saa sita uani hapakaliki, matumbawe meupe yanarudisha jua usoni. Usianze na makumbusho. Zunguka nje kwanza, chini, upande wa handaki, uone jengo kama alivyoliona adui. Kisha ingia langoni, panda kwenye pembe mojawapo utazame ukuta kwa upande, nenda upande wa bahari uyaone matundu, na ndipo uingie chumba cha vitu vya meli na nyumba ya Waomani. Saa mbili hadi tatu zinatosha. Mwongozaji wa ndani anasaidia sana, ila mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza. Viatu viwe vya kushika, ngazi za mawe zimelainishwa na nyayo za miaka mingi, na kingo nyingi za juu hazina kizuizi.

Ngome Kongwe ya Unguja ni ziara fupi na rahisi, iko Forodhani mkabala na bahari. Imewahi kuwa kambi na jela. Leo ni ya maduka ya sanaa na jukwaa la matamasha. Jumba la Beit al-Ajaib lililo jirani liliporomoka sehemu Desemba 2020, kwa hiyo fuata vizuizi vya ujenzi utakavyovikuta.

Kilwa ndiyo inayowashinda watu wa ziwa, na sababu ni maji. Ziwa Victoria halijai na kupwa. Mwalo wa Kirumba asubuhi ndio uleule jioni. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inaweza kuzidi mita 3. Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa boti au jahazi, na ukifika maji yamekupwa utatembea kwenye tope na matumbawe makali ukiwa na maji magotini. Kwa hiyo usipange saa kwa mazoea ya ziwani. Fika Masoko siku moja kabla, muulize nahodha maji yatajaa saa ngapi kesho, mpange kuvuka yakiwa yanajaa na kurudi kabla hayajapwa sana. Beba viatu vya kulowa, maji ya kunywa ya siku nzima na mfuko wa nailoni wa simu. Nahodha akisema tuondoke sasa, ondokeni, hata kama kundi halijamaliza kupiga picha mlangoni mwa Gereza.